Taa Iliyofundishwa Kula

Fundi bomba alitoa betri ya padi ya kuchezea gemu za runinga, akaiweka mezani. Akachomoa na waya wa chaja, akauviringisha na kuutia mfukoni. Taa ya padi haikuzimika.

"Ni umeme uliobaki ndani," alimwambia mkewe. "Utakwisha wenyewe. Ni kama maji kwenye bomba, ukifunga leo, tone la mwisho linadondoka kesho."

"Juzi ulisema hivyohivyo, Baba Kijiko."

"Basi bomba hili ni refu," alisema, akacheka peke yake, akabeba mfuko wake wa spana na kwenda kazini.

Mkewe alibaki ameketi ukingoni mwa kitanda, bado ana unga kwenye nyusi. Alikuwa mkata madonge katika kiwanda cha mikate. Aliingia kazini jua likizama, akatoka linapochomoza, na kazi yake ilikuwa moja tu: kunyofoa unga uliokandwa na kuugawa madonge ya gramu sitini kwa ajili ya mikate midogo. Mizani ilikuwepo lakini hakuihitaji. Msimamizi alipenda kuwaleta wageni waone. "Nyofoa hapo," angemwambia, naye angenyofoa, donge likawekwa kwenye mizani, na mshale ukasimama kwenye sitini kama uliopigiliwa msumari.

Mtu wa kazi hiyo hulala mchana, na usingizi wa mchana hauji mpaka uuandalie giza. Alikuwa ameliandaa. Blanketi zito dirishani, matambara chini ya mlango, pamba kwenye tundu la kufuli. Binti yao wa miaka minne, ambaye kila mtu alimwita Kijiko kwa jinsi alivyozaliwa mdogo, alicheza sebuleni huku mlango wa nje umefungwa kwa komeo la juu. Hakupiga kelele. Mtoto wa mama anayelala mchana hujifunza kunyamaza kabla hajajifunza kusema.

Kisha ikaja padi. Fundi bomba aliikuta katika nyumba tupu alikoitwa kuziba bomba, chini ya sinki, imefungwa kwa mifuko mitatu ya plastiki. Alipomuuliza mwenye nyumba, yule bwana alijibu akiwa amesimama nje, hakuingia: "Chukua tu, fundi. Chukua uende nayo." Fundi bomba alisimulia habari hiyo kama mfano wa ukarimu.

Ilikuwa nzima, na ilicheza vizuri. Tatizo lilikuwa taa yake, mstari wa buluu mwembamba, mrefu kama njiti ya kiberiti, mbele ya padi. Runinga ilikaa chumba cha kulala kwa kuogopa wezi, kwa hiyo padi nayo ilikaa humo, juu ya kabati, mkabala na mto wa mwanamke.

"Kazi ya taa hiyo ni nini?" alikuwa amemuuliza mumewe siku ya kwanza.

"Inakuonyesha kwamba padi imewaka."

"Si unaishika mkononi? Mtu hajui kama ameshika kitu?"

"Wewe nawe! Ndivyo ilivyotengenezwa. Inaweza kufifishwa, haiwezi kuzimwa."

"Basi nitaibandika utepe."

"Thubutu. Gundi ya utepe itaichafua."

Akaitia kwenye droo, mwanga ukapita kwenye upenyo. Akaifunika taulo, taulo likawa la buluu. Akaigeuza iangalie ukuta, na alipoamka saa saba mchana ilikuwa inamwangalia yeye. Alidhani Kijiko ameigeuza. Kabati lile lilikuwa refu kumzidi Kijiko mara mbili.

Asubuhi hiyo ya betri alikuwa katika siku ya tisa bila usingizi wa maana. Macho yalimwasha kama yametiwa pilipili. Alipotia mkono kwenye mfuko wa aproni kutafuta leso, vidole vyake vilikuta donge la unga alilolisahau humo, bado bichi, bado lina joto la mwili wake. Wafanyakazi waliruhusiwa kuondoka na mabaki. Alilitazama donge. Akaitazama taa. Unga si gundi, aliwaza, unga unafutika kwa maji. Akasimama juu ya kigoda, akalibandika donge juu ya ule mstari wa buluu, akalisawazisha kwa kidole gumba.

Chumba kikawa cheusi tii. Alilala kama gogo.

Alipoamka alilibandua donge. Lilikuwa ganda tupu. Juu lilionekana zima, hata alama ya kidole gumba ilikuwepo, lakini ndani hapakuwa na kitu, kama yai lililotobolewa na kufyonzwa. Hewa kavu, alijiambia. Kesho yake akaleta donge jingine, na keshokutwa jingine. Kwa wiki mbili alilala kama binadamu. Alirudi kuwa mcheshi. Alinenepa kidogo usoni. Kila mchana alitupa ganda moja tupu kwenye ndoo ya taka, wala hakuliwazia.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa harufu. Chumba kilianza kunuka hamira, ule uchachu wa unga ulioachwa kuumuka kupita kiasi. "Ni wewe," mumewe alisema. "Umekuwa mkate mzima." Kisha ukaja mvumo. Padi za namna hiyo hutetemeka mkononi mchezaji anapopigwa kwenye gemu, lakini hii ilianza kutetemeka yenyewe, juu ya kabati, gemu ikiwa imezimwa. Vrrr. Kimya. Vrrr. Ilitetemeka asubuhi, saa moja na robo, saa ambayo yeye aliingia na donge. Akichelewa, ilitetemeka zaidi.

Siku moja gari la kiwanda liliharibika, akafika nyumbani saa tatu. Kijiko alikuwa amesimama mlangoni pa chumba.

"Mama, anasema umechelewa."

"Nani anasema?"

"Wa kwenye taa."

Mama mtu alicheka, kwa sababu watoto husema mengi. Akapanda kigoda, akabandika donge. Mvumo ukakatika papo hapo, kama mtoto aliyetiwa ziwa mdomoni.

"Anasema leo chumvi imezidi," Kijiko akaongeza, akarudi kwenye midoli yake.

Mwanamke alibaki juu ya kigoda. Usiku huo mchanganyaji alikuwa amekosea kipimo cha chumvi, na msimamizi alimtukana mbele ya watu wote. Habari hiyo hakuwa amemsimulia mtu yeyote.

Kesho yake hakuleta donge. Aliichukua padi kwa taulo, akaitoa nje, akaiweka kwenye ndoo ya taka uani na kuifunika. Akarudi chumbani akafunga mlango. Juu ya kabati, mahali padi ilipokuwa, mstari wa buluu ulikuwa bado unawaka, hewani, haukushikwa na kitu chochote. Kijiko alichungulia chini ya mkono wake. "Bado yupo," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anavyosema paka bado yupo.

Alikwenda kuirudisha padi kwa sababu, kwa namna asiyoweza kuieleza, mwanga ulio na kitu chake ulikuwa afadhali kuliko mwanga usio na kitu. Lakini unga hakuwa nao. Alimchukua binti yake kitandani, akamkumbatia ubavuni mwake, akaapa hatasinzia, na mwili uliochoka ukamsaliti.

Aliamka kwa ukimya. Mvumo ulikuwa umekoma. Kijiko alikuwa amelala kando yake, anapumua vizuri, mkono mmoja juu ya shuka, na kwenye nyama ya mkono huo, juu ya kiwiko, palikuwa na shimo. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na kidonda. Ngozi ilikuwa nzima na laini, imezama tu ndani, na kingoni mwake zilionekana alama za vidole vitatu na dole gumba, kama zinavyobaki kwenye bakuli la unga baada ya donge kunyofolewa. Mwanamke aliweka kiganja chake juu ya shimo. Kiganja chake hakijawahi kumdanganya. Gramu sitini.

"Inauma, mama'ngu?"

"Haiumi," Kijiko alisema. "Alisema wewe ndiye umesahau."

Jioni hiyo hakwenda kazini mpaka mumewe aliporudi. Alimwonyesha mkono wa mtoto, akamweleza yote kwa mnong'ono, kuanzia donge la kwanza. Fundi bomba alisikiliza mpaka mwisho. Aliugeuza mkono wa Kijiko huku na huku chini ya balbu, kama anavyokagua bomba lililobonyea.

"Hizi ni alama za vidole," alisema.

"Ndiyo. Ndivyo ninavyokuambia."

"Vidole vya mtu aliyezoea kufinya unga." Aliuachia mkono wa mtoto. "Umechoka, Mama Kijiko, nakujua. Mtoto amekusumbua usingizini, ukamfinya. Sasa unanitafutia jini."

"Mimi? Nimfinye mwanangu hivi?"

"Nani mwingine alikuwa humu? Mara ya pili nikimkuta na alama, mtoto atakwenda kwa dada yangu, na hutamwona. Nimesema." Kisha akapanda kitandani na viatu, akaiwasha runinga, akaichukua padi kwa mikono miwili. Ilitulia mikononi mwake kama kifaranga.

Kuanzia siku hiyo mwanamke alimlisha jini kwa makusudi. Donge moja halikutosha tena, kwa kuwa adhuhuri tu mvumo ulianza upya, basi akaleta mawili, kisha manne, kisha mfuko mzima alioufunga tumboni chini ya aproni na kutembea nao mpaka getini kama mjamzito. Msimamizi aliliona tumbo hilo. Hakumfukuza kazi, maana mkono wa gramu sitini haupatikani barabarani, lakini alisimama mbele ya wote akatangaza: "Kuanzia leo mabaki hayatoki. Hata punje. Atakayeonekana na unga, ajijue."

Alipekuliwa getini asubuhi hiyo, mifuko, aproni, mpaka kilemba. Alikimbia kutoka kwenye gari la kiwanda mpaka kwake. Mumewe alikuwa ameshaondoka dakika kumi kabla. Kijiko alikuwa sakafuni anakunywa uji, na alipoinuka kumpokea mama yake alichechemea, kwa sababu kwenye paja lake, juu ya goti, palikuwa na shimo la pili, na la tatu.

Akambeba mgongoni, akatoka bila kunawa.

Mganga ambaye majirani walimwelekeza kwake alikuwa mwanamke wa umri wake, mwenye kucha ndefu za rangi ya zambarau, na chumba chake kilikuwa nyuma ya saluni. Alikuwa anatafuna ubani. Kelele za mashine za kukaushia nywele zilipita ukutani. Alipolifunua paja la Kijiko aliacha kutafuna.

"Ulimlisha," alisema.

"Nilifunika taa tu. Nilitaka kulala."

"Dada, sikiliza. Huyo alikuwa mtazamaji. Wako wengi, wanakaa kwenye vioo, kwenye taa, wanatazama watu wanavyoishi, hawana haja nyingine. Wanakera, hawadhuru. Wewe umemtilia unga mdomoni, unga wa hamira, unga ulio hai, kwa mkono wako, siku baada ya siku. Hakujua kula. Wewe ndiye uliyemfundisha."

Mwanamke aligeuzia uso ukutani. Machozi yalimtoka bila sauti, ili mtoto asione.

"Nikiitupa hiyo padi mbali? Nikiichoma?"

"Padi ni kiti. Ukitupa kiti, aliyekaa anasimama. Unataka asimame?"

"Hapana."

"Jini mlaji hachukui cha jirani. Anachukua cha aliyemlisha. Unga ulikuwa wako, akala. Mtoto ni wako, anakula. Leo mapaja, kesho mashavu. Mtazamaji ningemfukuza sasa hivi, dakika tano. Mlaji haondoki kwa dawa, anaondoka kwa kushiba." Mganga alimtazama mikono. "Mkono uliomlisha ni upi?"

Akauinua wa kulia.

"Ufunikishe juu ya taa, kwa hiari yako. Usiuvute, hata iweje, mpaka aseme ameshiba. Nani anamsikia?"

"Mtoto."

"Basi mtoto awepo." Akashindwa kumtazama usoni. "Samahani, dada. Mimi mwenyewe nisingependa kuyasema haya."

Walirudi saa sita mchana. Nje palikuwa na jua kali na wauza mboga wakitaniana, na ndani ya chumba, nyuma ya blanketi, palikuwa na giza alilolitengeneza mwenyewe, na katikati ya giza ule mstari wa buluu, na mvumo ambao sasa haukuwa na vituo. Aliishusha padi, akaiweka mapajani, akamketisha Kijiko mbele yake.

"Utaniambia anachosema. Kila neno. Sawa?"

"Sawa."

Akaufunikisha mkono.

Mwanzoni ilikuwa baridi tu, kisha ikawa kitu kama ulimi, kisha kikawa vidole, vidole vitatu na dole gumba, vinavyomfinya kwa ndani, taratibu, kwa ustadi, kwa kipimo, na kila viliponyofoa alijua uzito wake, sitini, na sitini, na sitini, akauma mto ili asipige ukelele, akasikia nyama ya kiganja ikimtoka kama unga unaotoka kwenye mfuko uliotoboka, akaviona vidole vyake kwa ule mwanga mdogo uliopenya kati yake vikisinyaa kimoja kimoja mpaka vikawa kama vya glovu isiyovaliwa, na bado hakuuvuta, kwa sababu mbele yake, mkono wa mtoto wake ulikuwa umeshajaa, na shimo moja la kwenye paja lilikuwa linapanda juu polepole, linaumuka, linajaa, linakuwa tena paja la mtoto.

"Muulize kama ameshiba," alisema, alipoweza kusema.

Kijiko aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Anasema bado kidogo."

"Mwambie achukue mpaka kwenye kiwiko."

Vidole vikaenda mpaka kwenye kiwiko. Alipoutazama mkono wake haukuwa mkono tena, ulikuwa ganda, una kucha zake na kovu lake la tanuri, na ndani hauna kitu.

"Ameshiba?"

"Anasema bado kidogo tu." Mtoto alisikiliza tena, uso umekunjamana kama wa mtu anayepewa ujumbe mrefu. "Anauliza, mkono wa Baba. Anasema anaujua, humshika kila jioni, una nyama nzuri. Ila hajui ni wa nani. Anauliza kama Baba naye ni wako."

Nje mtu alicheka, baiskeli ikapita. Mwanamke aliutazama mkono wa kushoto uliobaki, mkono ambao ungemwogesha Kijiko, ungemfunga vifungo, ungemshika barabarani. Akaitazama miguu ya binti yake. Shimo moja lilikuwa bado halijajaa.

"Mwambie ndiyo," alisema. "Ni wangu."

Mvumo ukakatika. Taa ikafifia ikawa kama uzi, ikasubiri.

Fundi bomba alirudi saa kumi na moja jioni, anapiga mluzi, ana matope magotini. Alimkuta mkewe sebuleni amejitanda shuka mabega yote mawili, na mtoto analala. Akashangaa kuona chai imeshaandaliwa.

"Leo kuna nini? Mbona unanitazama hivyo?"

"Hakuna kitu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Na ile padi yangu? Usiniambie umeificha tena."

"Sijaificha. Hii hapa, Baba Kijiko." Akaitoa chini ya shuka, akamnyooshea. "Samahani kwa mkono wa kushoto."